Machito hakuikimbia Cuba, alikwenda kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe jambo lililochapishwa kwenye ukurasa wa burudani wa toleo lenu la Jumapili iliyopita. Mwandishi wenu, katika makala yenye lugha tamu na tarehe mbovu, alimweka Machito, mwimbaji wa Cuba aliyefanya kazi New York, katika kundi la wanamuziki "walioyakimbia mapinduzi" wakapewa hifadhi Marekani. Mapinduzi ya Cuba yalishinda Januari 1959. Machito alifika New York mwaka 1937. Hapo katikati ipo miaka 22, na ndani ya miaka hiyo mtu huyo alikwisha kuunda bendi yake, kuitwa jeshini na kurudi, kurekodi na wakubwa wa muziki wa jazz, na kuwachezesha watu dansi katika ukumbi uliokuwa na sifa kuliko kumbi zote za muziki wa aina yake mjini mle. Ukimbizi unaotangulia kwa miaka 22 jambo linalokimbiwa ni ukimbizi wa ajabu.

Kama kosa lingekuwa la tarehe peke yake ningelinyamazia, maana tarehe humponyoka kila mtu, na mimi mwenyewe siku hizi nahitaji kuandika siku za kliniki ukutani. Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba neno lile limeifuta kazi yake. Mtu akishaitwa mkimbizi, msomaji humhurumia akageuza ukurasa. Haulizi alijua kufanya nini, alijifunza kwa nani, alishindana na nani, wala alilipwaje. Nasema hivi bila kuwadharau wakimbizi, ambao mikoa yetu ya magharibi imeishi nao miaka mingi na ambao nao wana ufundi wao. Nasema tu kwamba Machito alikwenda kazini, na aliifanya kazi hiyo miaka 47.

Nilipiga tumba, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, katika bendi mbili za hapa Mwanza kuanzia mwaka 1969 hadi 1983, nikiwa naishi Kirumba, na kati ya miaka hiyo nilikaa miezi minane nikiipiga Kisumu kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi moja ya daftari. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka matangazo ya dansi ya siku zile. Liliandikwa jina la bendi kwa herufi kubwa, kisha la mwimbaji, pengine na la mpiga solo. Sisi wengine tulikuwa "na wenzake". Kwa hiyo nikisoma maisha ya mwanamuziki yeyote macho yangu hutafuta kwanza nani alikuwa akipiga ngoma, na katika maisha ya Machito jibu ni la kufurahisha, kwa sababu mwimbaji mwenyewe alikuwa mpigaji.

Jina lake kamili lilikuwa Francisco Raúl Gutiérrez Grillo, na alikulia Havana, ambako aliimba na kutikisa manyanga katika vikundi vya son, muziki wa dansi wa Cuba. Hakwenda New York kwa kubahatisha. Alikuwa na mwenyeji, naye ni Mario Bauzá, mpiga tarumbeta aliyemtangulia huko mwaka 1930 na aliyemwoa dada yake. Bauzá alikwisha kufanya kazi katika bendi ya Chick Webb, moja ya bendi kubwa za Wamarekani weusi za wakati ule, na baadaye akaingia katika ile ya Cab Calloway. Mtu yeyote aliyetoka Ukerewe, Sengerema au Geita kuja kutafuta kazi mjini anaijua njia hiyo: anatangulia mmoja, anapata chumba, anatuma ujumbe, shemeji anafuata na mzigo wake. Machito alifika akiwa mwimbaji wa kikundi kilichoitwa La Estrella Habanera, na kikundi hicho hakikudumu. Ikabidi aimbe katika rekodi za watu wengine, zikiwamo za Xavier Cugat, aliyekuwa akiupiga muziki wa Cuba kwa namna laini iliyowafaa wageni wa mahoteli makubwa. Miaka mitatu ya kibarua. Ndipo mwaka 1940 alipounda bendi yake mwenyewe na kuiita Afro-Cubans, na mwaka uliofuata shemeji yake akajiunga naye kuwa kiongozi wa muziki.

Jina hilo lisipitwe haraka. Mwaka 1940, katika nchi ambayo sheria za majimbo mengi ziliwatenga watu weusi, na wengi wenye asili ya Afrika walifundishwa kuionea haya asili hiyo, watu hawa wawili walilitanguliza neno la Afrika kwenye jina la biashara yao. Wangeweza kujiita Wahavana, au kujipachika jina la ua au la mwezi kama bendi nyingi zilivyofanya. Mkimbizi hujificha, ndivyo tulivyozoea kusema; hawa walipaka jina lao ukutani.

Sasa niseme juu ya manyanga, kwani hapo ndipo ninapojua ninachokisema. Wengi humwona mwimbaji mwenye manyanga wakadhani ameshika pambo, kama vile mwimbaji wa taarabu anavyoshika leso. Katika muziki wa Cuba manyanga hujaza nafasi zote ndogo za wakati, bila kuacha hata moja, ili wengine wote wajue wapo wapi. Juu yake hupita mlio wa vijiti viwili vya mti mgumu ambavyo Wacuba huviita clave: mapigo matano yaliyogawanywa pande mbili, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, yakirudiwa tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Mwimbaji anayeingia upande usio wake huambiwa na wenzake kuwa ni cruzado, yaani amepishana na wimbo, hata kama sauti yake ni nzuri kama ya ndege. Hata vijiti vyenyewe visipogongwa, kila mtu bendini huvisikia kichwani. Mwimbaji anayepiga manyanga huku akiimba hubeba mambo mawili yanayovutana, maneno na saa, na asipoteze hata kimoja. Jaribu, ndugu Mhariri, kuimba wimbo wowote unaoupenda huku ukitikisa kopo la mchanga bila kusimama kwa dakika tano, nawe utaona mkono unavyoanza kuufuata mdomo.

Aliyenifundisha mimi haya alikuwa Mkongo aliyetokea Kalemie. Alivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akapanda treni mpaka Tabora, na pale Tabora akabadilisha nyingine iliyomleta Mwanza. Aliniita leki, ambalo kwa Kilingala ni mdogo wangu, nami ilinipasa kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, neno lililomchekesha sana mama yangu, kwa kuwa kwetu yaya ni mlezi wa mtoto. Kwa wiki mbili za mwanzo hakuniruhusu kuigusa tumba. Tulikaa kwenye mawe ya pwani ya Kirumba, mitumbwi ya dagaa ikipakuliwa, naye akinigongesha vijiti hivyo, mapigo matano-matano, huku akinihadithia mambo mengine kabisa, akisimamisha hadithi kila nilipopotea. Alikuwa amejifunza kutoka kwenye santuri za Cuba zilizouzwa Afrika kwa namba za GV tangu miaka ya 1930, zile zilizoizaa rumba ya Kongo kama tunavyoijua. Tusisahau kwamba bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro iliitwa Cuban Marimba tangu kabla Fidel Castro hajaingia Havana. Upendo wetu kwa muziki ule haukutokana na siasa, na wenye muziki wenyewe hawakuanza kusafiri kwa sababu ya siasa.

Alichokifanya Machito na shemeji yake ndicho yaya alichokuwa akinieleza kwa mdomo bila kutaja majina. Bauzá alikuwa amejifunza ndani ya bendi za Wamarekani weusi jinsi tarumbeta na saksafoni zinavyoandikiwa sehemu zao. Alitaka upande huo wa bendi uwe na ufundi wa Webb na Calloway, lakini upande wa ngoma ubaki wa Havana, bila kupunguzwa makali ili uwafae wageni. Kwa hiyo tumba, bongo (ngoma mbili ndogo zilizounganishwa) na timbales (ngoma mbili za chuma zinazopigwa kwa vijiti) zilikaa pamoja, kila moja na mtu wake, mbele ya safu nzima ya tarumbeta. Kwa muda mfupi mwaka 1942 aliyekaa kwenye timbales alikuwa kijana mzaliwa wa New York mwenye wazazi wa Puerto Rico, Tito Puente, kabla naye hajachukuliwa na jeshi la majini. Kwenye bongo alikaa José Mangual, na kwenye tumba Carlos Vidal. Mwaka 1943 Bauzá alitunga, katika mazoezi, wimbo uitwao "Tanga", ambao wanahistoria wengi huutaja kuwa wa kwanza kuziunganisha jazz na ngoma za Cuba kwa ukamilifu. Wasomaji wa Tanga wasifurahi mapema. Jina hilo halihusiani na mkonge.

Hapa niongeze jambo dogo la lugha. Wacuba huita ngoma hiyo ndefu tumbadora, na zikipangwa kadhaa, ile kubwa yenye sauti nzito ndiyo tumba, ya kati ni conga, na ndogo kali ni quinto. Dunia nzima ilichukua jina la ile ya kati. Sisi wa dansi Tanzania, pamoja na Wakongo waliotufundisha, tulilichukua la ile kubwa tukaziita zote tumba. Nimekuwa nikilifikiria hilo mara nyingi bila kupata sababu, ila napenda kuamini kwamba tulichagua vizuri.

Mwaka huohuo wa 1943 jeshi la Marekani lilimwita Machito. Hili nalo halifanani na maisha ya mtu aliyehifadhiwa kwa huruma: alibeba wajibu wa nchi aliyofanyia kazi kama wenyeji walivyoubeba. Bendi ilibaki bila sauti ya mbele, na Bauzá akamwita kutoka Havana Graciela, binti aliyelelewa pamoja na Machito kama dada yake, ambaye tayari alikuwa na jina kwa kuimba na Anacaona, bendi ya wanawake watupu. Machito aliumia mguu katika mafunzo, akaruhusiwa kurudi mwishoni mwa mwaka huo. Angeweza kumrudisha dada yake nyumbani. Hakufanya hivyo, waliimba pamoja zaidi ya miaka thelathini, yeye akishika manyanga na Graciela mara nyingi akishika vijiti. Ninawaomba waandishi wa burudani wampe mwanamke huyo aya yake siku moja, kwa kuwa katika makala yenu hakutajwa hata kwa jina.

Kuhusu siku za ukumbi wa Palladium, kule Broadway na mtaa wa 53, sina mengi ya kuongeza. Mwandishi wenu aliueleza vizuri mchuano wa bendi tatu, ya Machito, ya Tito Puente na ya Tito Rodríguez, na jinsi watu wa kila rangi walivyochanganyika pale kucheza dansi ya Cuba iitwayo mambo katika jiji ambalo kumbi nyingine ziliwatenganisha. Aliacha tu upande wa kazi. Tangu mwaka 1940 hadi 1967 jiji la New York lilimlazimu kila anayetumbuiza mahali panapouzwa pombe awe na kadi maalumu iliyotolewa na polisi, na aliyenyang'anywa kadi hiyo alinyang'anywa riziki, kama ilivyowapata wanajazz kadhaa wakubwa. Riziki ya ugenini ilikaa ndani ya karatasi hizo. Tarumbeta zilikuja baadaye.

Mwaka 1957 bendi hiyo ilirekodi santuri iliyopewa jina la "Kenya", na hiyo ndiyo santuri yangu. Niliisikia Kisumu mwaka 1976 nyumbani kwa mtumishi mmoja wa reli, mtu wa makamo aliyekuwa akiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Tuliichezesha kwanza kwa sababu ya jina la nchi, tukicheka, kisha kicheko kikakoma. Kuna mahali kwenye santuri ile ambapo tarumbeta zinanyamaza na tumba zinabaki zenyewe, na wapigaji wake ni Cándido Camero na Carlos Valdés aliyejulikana kama Patato. Hao wawili si watu wa pembeni. Cándido alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupanga tumba mbili na tatu mbele yake na kuzifunga kwa sauti tofauti ili zitoe wimbo, na alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 99. Patato alihusika katika kutengeneza tumba inayokazwa kwa spana, iliyotuokoa sote na adha ya kupasha ngozi kwenye moto kabla ya dansi. Kabla ya tumba za namna hiyo kutufikia, kila Jumamosi jioni mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi na kanga chakavu, magazeti ya zamani na kibiriti. (Samahani kwa kuyataja magazeti.) Cándido aliingia Marekani mwaka 1946, Patato katika miaka ya 1950 kabla ya mapinduzi. Mongo Santamaría, ambaye mwaka 1963 alizifikisha tumba katika nyimbo kumi za juu za Marekani, alihamia New York mwaka 1950. Chano Pozo, naye mpiga tumba, alifika mwaka 1947, akabadilisha muziki wa mpiga tarumbeta wa jazz Dizzy Gillespie katika muda usiotimia miaka miwili, akauawa kwa risasi Harlem Desemba 1948. Hakuna hata mmoja wao aliyemkimbia Castro. Walifuata soko, kama wavuvi wetu wanavyohamia visiwani sangara wanapohama.

Yupo mmoja ambaye habari yake ni nyingine, na huenda mwandishi wenu aliichukua habari hiyo akawavika wote. Mwimbaji Celia Cruz aliondoka Havana Julai 1960 akiwa na bendi ya Sonora Matancera, kwa mkataba wa kazi Mexico. Hata yeye, tafadhali angalieni, aliondoka na mkataba. Hakurudi, na mama yake alipofariki mwaka 1962 serikali haikumruhusu aende kumzika. Mwaka 1990, alipokwenda kuimba katika kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Guantánamo, alichota udongo wa pale, na udongo huo ukawekwa kwenye jeneza lake alipofariki mwaka 2003. Huyo mkimwita mkimbizi au aliyefungiwa nje, sitabishana. Lakini hata yeye, Septemba 1974 alipopanda jukwaani Kinshasa pamoja na Fania All Stars, bendi ya nyota wa salsa wa New York, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman, Wakongo waliojaa uwanjani hawakuja kumhurumia.

Jambo lililowapata Wacuba wote wa New York, na ambalo makala ingeweza kulieleza bila kukosea, ni kwamba mlango ulifungwa nyuma yao. Marekani ilivunja uhusiano na Cuba Januari 1961 na kuweka vikwazo vya biashara kamili Februari 1962. Njia ya wanamuziki waliokuwa wakienda na kurudi kati ya Havana na New York, wakipeleka midundo mipya na kurudi na tarumbeta mpya, ikakatika. Machito hakuwa amehama tena. Alikuwa palepale alipokuwa tangu 1937. Ila sasa mahali palepale pakawa mbali zaidi.

Hali hiyo naijua kidogo. Mwishoni mwa Januari 1977 nilipata habari Kisumu kwamba mama anaumwa, nikapanda basi kupitia Sirari kuja kumwona, nikiziacha tumba zangu mbili kwenye stoo ya ukumbi kwa kuwa nilikuwa narudi baada ya wiki mbili. Mapema Februari mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Nilipofika Kisumu mwaka uliofuata nilikuta ukumbi umekuwa ghala la mahindi. Tumba moja ilikuwepo, ngozi imeliwa na panya na ndani mmejaa makapi. Ya pili hakuna aliyeikumbuka. Kwa miaka yote hiyo sita na zaidi hakuna aliyeniita mkimbizi, wala sikuwa. Nilikuwa mpiga tumba ambaye tumba zake zimebaki upande wa pili.

Yaya yeye aliitwa. Karani wa ofisi moja hapa mjini, alipopeleka karatasi zake za kufanyia kazi zipigwe muhuri, alimwambia mbele ya foleni kwamba wakimbizi hupokelewa siku nyingine. Yaya hakupandisha sauti. Alijibu kwa Kiswahili chake cha Kalemie kwamba yeye ni mpiga tumba, akataja ukumbi, siku za dansi na kiingilio, akamwalika karani aje Jumamosi. Sijui kama karani alikuja, kwa kuwa gizani nilikuwa siangalii wachezaji. Lakini karatasi zilipigwa muhuri.

Nirudi kwa Machito nimalize. Katikati ya miaka ya 1970 aliitwa kupiga Ulaya, kwa sharti kwamba apunguze bendi, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kulipa nauli na malazi ya watu wengi kiasi kile. Alikubali. Bauzá alikataa, akisimamia bendi kamili waliyoijenga tangu 1941, akaondoka, na Graciela akaondoka naye. Nimewahi kubishana na wenzangu usiku kucha juu ya nani alikuwa na haki. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Bauzá. Nilipoanza kulipa ada za shule nikahamia kwa Machito. Kazi ya ugenini ina mwaka ambao lazima uchague kati ya muziki kama ulivyouota na muziki unaoweza kupanda ndege. Ulaya ilimpokea, na mwaka 1983 alipata tuzo ya Grammy kwa santuri aliyoitoa na bendi yake, ambayo sasa jina lake lilikuwa na neno salsa. Neno hilo lilikuwa limeshika biashara ya New York katika miaka ya 1970, kwa hiyo kumwita "mfalme wa salsa tangu enzi za vita", kama mlivyoandika, ni kumvisha koti ambalo halijashonwa. Miaka ya vita yeye aliimba guaracha, son na bolero. Lakini hilo ni dogo. Aprili 1984 alikuwa London kwa ajili ya maonyesho katika klabu ya Ronnie Scott's, akapatwa na kiharusi kabla ya kupanda jukwaani, akafariki hukohuko. Alikuwa amepita miaka 70 na bado alikuwa safarini kwa kazi. Mwanawe, Mario Grillo, mpiga timbales, aliirithi bendi.

Ombi langu ni mawili. La kwanza, mchapishe sahihisho la mwaka 1937, hata kwa mstari mmoja. La pili linahusu picha. Mliyoichapisha juu ya makala imekatwa kifuani, tunaona uso na tai tu. Picha hiyo ninaifahamu. Ni moja ya zile alizopiga William Gottlieb katika ukumbi wa Glen Island Casino mwaka 1947, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka wazi kwa umma, hivyo hamtadaiwa na mtu mkiitoa nzima. Mkiitoa nzima, wasomaji wataona kwamba pembeni yake yupo Graciela ameshika vijiti viwili, na kwamba mikono ya Machito, ambayo mliiacha nje, imeinua manyanga.

Mpiga tumba mstaafu,
Igoma, Mwanza.